Maisha ya Wilbur Wright, na Siri Iliyokuwamo Katika Injini Yake

Katika kurasa hizi za Kiswahili tumezoea kusoma habari za wafalme, wapiganaji na watakatifu. Safari hii naomba ruhusa yenu niwasimulie habari za fundi wa baiskeli, Bwana Wilbur Wright wa Marekani, ambaye pamoja na mdogo wake Orville alitengeneza ndege ya kwanza yenye injini iliyoweza kumchukua mtu hewani na kuongozwa naye. Wengi wetu twalijua jina lake. Lakini imo sehemu ya habari zake ambayo hata yeye mwenyewe hakuijua, nayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Kwanza yanipasa niseme kwa nini nimemchagua yeye. Mimi nina umri wa miaka 19, na katika darasa letu mimi ndimi mkubwa kuliko wote. Mama yangu aliugua kwa muda mrefu, na kwa kuwa sina dada, nilikaa nyumbani miaka miwili nikimhudumia mpaka alipofariki. Niliporudi shuleni niliwakuta wenzangu wa zamani wamekwisha kunipita, nikaketi pamoja na wadogo zao. Ada yangu hulipwa na mjomba, ambaye kazi yake ni kuyeyusha alumini ya vyuma vikuukuu na kusubu sufuria. Mikono yake haiishi masizi. Siku za wazazi kututembelea, mara mbili nilitamani asije. Nayaandika haya kwa haya, lakini ni kweli.

Muhula uliopita Bruda anayetufundisha fizikia alitueleza habari za nanoteknolojia, yaani ufundi wa vitu vidogo mno. Alituambia tuchukue milimita moja, kile kijisehemu kidogo kabisa kilicho kwenye rula, tuigawe mafungu milioni moja. Fungu moja ndiyo nanomita. Unywele mmoja wa kichwa una unene wa nanomita kama 80,000. Akatuambia kwamba wataalamu wa siku hizi hupanga chembe za ukubwa huo ili wapate vitu vyepesi na vyenye nguvu kwa ajili ya ndege na vyombo vya anga za juu. Kisha akaongeza neno lililonishangaza: kwamba chembe kama hizo zilikuwamo katika injini ya ndege ya kwanza kabisa, ya mwaka 1903, wala hakuna aliyezitia kwa kujua. Baada ya kipindi nilikwenda maktaba, na nilisoma habari za Wilbur Wright mpaka kengele ya kulala ikalia.

Wilbur alizaliwa tarehe 16 Aprili 1867 karibu na kijiji cha Millville katika jimbo la Indiana. Baba yake, Milton Wright, alikuwa mhubiri wa kanisa la United Brethren na baadaye akawa askofu. Mama yake, Susan, alikuwa na mikono ya ufundi. Aliweza kuwatengenezea watoto vitu vya kuchezea na kurekebisha vyombo vya nyumbani vilivyoharibika. Orville alizaliwa mwaka 1871 katika mji wa Dayton, jimbo la Ohio, na dada yao Katharine mwaka 1874. Mwaka 1878 Askofu alirudi safarini na kichezeo kidogo cha mianzi na karatasi, chenye rafadha iliyozungushwa na uzi wa mpira. Alipokirusha, kilipanda hewani badala ya kuanguka. Watoto wale walikichezea mpaka kikavunjika, kisha wakatengeneza vingine kama hicho kwa mikono yao.

Wilbur alikuwa hodari wa masomo, na wazazi walikusudia kumpeleka Chuo Kikuu cha Yale. Lakini katika majira ya baridi ya mwaka 1885 kwenda 1886, alipokuwa akicheza na wenzake juu ya barafu, fimbo ya mchezo ilimpiga usoni, ikamwondolea meno ya mbele. Afya yake ililegea, na habari za chuo zikafifia. Wakati huohuo mama yake alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu. Kwa muda wa miaka kama mitatu Wilbur alikaa nyumbani akimtunza, na nafasi iliyobaki alisoma vitabu vya baba yake. Mama alifariki mwaka 1889. Wilbur hakwenda chuo tena, wala hakupata cheti chochote cha elimu ya juu.

Wasomaji wenzangu, nilipofika hapo nilifunga kitabu kwa muda kidogo.

Mwaka huohuo ndugu wawili walifungua kiwanda kidogo cha kupiga chapa. Orville ndiye aliyeanza kazi hiyo, na hata mtambo wenyewe waliujenga kwa vyuma na mbao za kuokota. Walitoa gazeti la mtaa wao. Mwaka 1890 walipiga chapa pia gazeti la kijana Mwafrika wa Marekani, Paul Laurence Dunbar, aliyekuwa amesoma darasa moja na Orville, na ambaye baadaye alipata sifa kubwa kwa mashairi yake. Mwaka 1892 walifungua duka la baiskeli, kwanza kwa kuuza na kutengeneza, kisha kwa kuunda baiskeli zao wenyewe. Fedha za baiskeli ndizo zilizolipia ndege.

Mwaka 1896 mambo mawili yalitokea. Huko Ujerumani Otto Lilienthal, aliyekuwa ameruka zaidi ya mara elfu mbili kwa mabawa yasiyo na injini, alianguka akafa. Na huko Dayton Orville alishikwa na homa ya matumbo, akawa kati ya uhai na mauti kwa majuma mengi, huku Wilbur na Katharine wakimwuguza. Kifo cha Lilienthal kilimtia Wilbur fikira ambazo hazikumtoka tena. Mwezi Mei 1899 aliiandikia taasisi ya Smithsonian ya Washington akiomba vitabu na makala zote zilizohusu kuruka. Alipozisoma aliona kwamba watu wengi walitafuta mabawa na nguvu za injini, na wachache mno walijiuliza namna ya kuongoza chombo kikiwa hewani. Yeye alijua baiskeli. Baiskeli haisimami yenyewe. Mpandaji huilaza huku na huku kila dakika ili isianguke. Wilbur alifikiri kwamba ndege nayo itakuwa hivyohivyo.

Siku moja dukani, akiwa ameshika sanduku jembamba la karatasi ngumu lililokuwa na mpira wa baiskeli, alilipotoa ncha zake kwa vidole, upande huu chini na upande huu juu. Papo hapo akaona jinsi mabawa ya ndege yawezavyo kupotolewa vivyo hivyo, ili bawa moja lipande na jingine lishuke. Walijaribu kwanza kwa tiara. Kisha mwaka 1900 wakaenda Kitty Hawk, pwani ya North Carolina, mahali penye upepo mwingi na mchanga laini wa kuangukia.

Ndege yao ya mwaka 1901, isiyokuwa na injini, haikupanda kama hesabu za vitabu zilivyoahidi. Wilbur alirudi nyumbani amevunjika moyo. Hata hivyo hakuacha. Ndugu wale walijiuliza kama hesabu za wakubwa zilikuwa na makosa, wakaamua kupima wenyewe. Walitengeneza sanduku la upepo la urefu wa meta 1.8 hivi, lenye pangaboi upande mmoja, na ndani yake wakaweka mizani waliyoiunda kwa vipande vya msumeno na spoku za baiskeli. Wakapima mabawa madogo kama 200 ya maumbo mbalimbali, moja baada ya jingine, na kuandika kila walichokiona. Ndege ya mwaka 1902, iliyojengwa kwa hesabu zao mpya na kuongezwa usukani wa nyuma unaogeuka, iliwatii vizuri. Sasa ilibaki injini.

Hapa ndipo mahali ambapo siri yetu inaanzia. Waliandikia watengenezaji wa injini za magari, wakitaka injini yenye nguvu ya farasi 8 na uzito mdogo. Hawakupata iliyowafaa. Basi wakamgeukia fundi wao wa dukani, Charlie Taylor. Taylor alikuwa na mashine ya kukerezea vyuma, mashine ya kutobolea matundu na vifaa vya mkono. Mhimili wa injini aliuchonga katika bamba la chuma cha pua. Lakini kasha kubwa la injini, linaloshika silinda zote nne, lingekuwa zito mno kama lingefanywa kwa chuma. Kwa hiyo lilisubiwa kwa alumini katika kiwanda cha mji wao. Alumini tupu ni laini. Wenye kumjua mjomba wangu wameona jinsi waya wa umeme wa alumini unavyopindwa kwa vidole. Wasubu wa Dayton walichanganya alumini na shaba nyekundu, kadiri ya sehemu 8 za shaba katika sehemu 100. Katika majuma sita injini ilikuwa tayari. Mwezi Februari 1903, walipokuwa wakiijaribu, petroli ilidondokea penye vyuma vinavyozunguka, injini ikakwama na kasha likapasuka. Wakaagiza kasha la pili, wakaanza upya. Injini iliyomalizika ilitoa nguvu ya farasi kama 12, zaidi ya walivyotaka, na uzito wake ulikuwa kama kilo 80.

Mwaka huohuo mtaalamu mkubwa Samuel Langley, mkuu wa Smithsonian, alikuwa na ndege yake iliyogharimiwa na jeshi la Marekani kwa dola 50,000. Ilijaribiwa tarehe 7 Oktoba na tena tarehe 8 Desemba 1903, na mara zote mbili ilitumbukia katika mto Potomac. Ndugu wa Dayton walikuwa wametumia chini ya dola 1,000.

Tarehe 14 Desemba ndugu wawili walirusha sarafu ili kujua nani atangulie. Wilbur akashinda, lakini aliinua pua ya ndege haraka mno, ikapanda kidogo na kuanguka mchangani. Walitengeneza kilichovunjika. Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 17 Desemba 1903, baridi ikiwa kali na upepo ukivuma kwa nguvu, ilikuwa zamu ya Orville. Aliruka sekunde 12, umbali wa meta 37. Waliendelea kwa zamu. Mara ya nne Wilbur alikaa hewani sekunde 59 na kwenda meta 260. Watu watano wa pwani ile walikuwapo, wakashuhudia. Muda mfupi baadaye dhoruba iliipindua ndege ikiwa chini na kuiharibu vibaya, wala haikuruka tena. Lakini kazi yake ilikuwa imekwisha kufanyika.

Miaka miwili iliyofuata walijifunza kuruka katika malisho ya ng'ombe ya Huffman, karibu na Dayton. Tarehe 5 Oktoba 1905 Wilbur aliruka dakika 39 bila kutua, akizunguka juu ya malisho yale umbali wa kilometa zaidi ya 38. Ajabu ni kwamba ulimwengu haukusadiki. Magazeti mengine yaliwaita waongo. Wilbur hakujibizana nao. Mwaka 1908 alikwenda Ufaransa, karibu na mji wa Le Mans, akaitengeneza ndege yake huku akilala bandani kando yake, hata mpira wa maji ya moto ulipopasuka na kumwunguza mkono. Tarehe 8 Agosti, mbele ya watu waliokuja wengine kwa kutazama na wengine kwa kucheka, aliruka dakika moja na sekunde 45, akakata kona hewani kama mwewe na kutua taratibu. Waliokuja kucheka walimpigia makofi. Siku ya mwisho ya mwaka huo alikaa hewani saa mbili na dakika 20.

Furaha ile ilichanganyika na huzuni. Mwezi Septemba 1908 ndege aliyokuwa akiiendesha Orville huko Fort Myer ilianguka. Orville akavunjika mguu na mbavu, na abiria wake, Luteni Thomas Selfridge, akafa. Alikuwa mtu wa kwanza kufa katika ndege yenye injini. Mwaka 1909 Wilbur aliruka kuizunguka Sanamu ya Uhuru mjini New York, na chini ya ndege alikuwa amefunga mtumbwi mwekundu, ili kama akianguka majini uweze kumwelesha. Tarehe 25 Mei 1910 ndugu wawili waliruka pamoja mara moja tu. Siku zote nyingine hawakupanda ndege moja, ili ajali ikitokea abaki mmoja wa kuendeleza kazi. Siku hiyohiyo baba yao, mzee wa miaka 81, alipandishwa hewani na Orville.

Miaka ya mwisho ya Wilbur haikuwa ya kuruka. Alikuwa na hati ya haki ya uvumbuzi tangu mwaka 1906, naye alishitaki watu waliotumia uvumbuzi wao bila kulipa. Kesi hizo zilimchosha. Alikonda, akawa wa mawakili na mabaraza kuliko wa upepo na mbao. Watu wengine husema kwamba kesi zile zilichelewesha maendeleo ya ndege katika Marekani, nami naona kwamba yafaa jambo hilo lisifichwe. Mwaka 1912 akashikwa na homa ya matumbo, ugonjwa uleule aliomwuguzia ndugu yake, akafariki nyumbani Dayton tarehe 30 Mei, akiwa na miaka 45. Hakuoa. Orville aliishi mpaka mwaka 1948.

Sasa turudi kwenye siri. Mwaka 1906, mbali huko Ujerumani, mtaalamu aliyeitwa Alfred Wilm alikuwa akichunguza alumini iliyotiwa shaba na magnesi kidogo. Aliipasha moto, akaipoza ghafula, na kuipima. Baada ya siku chache aliipima tena, akaona imekuwa ngumu zaidi, ingawa hakuna aliyeigusa. Hakuweza kueleza sababu. Kwa njia hiyo ilipatikana aloi iliyoitwa duralumini, iliyojengea vyombo vya anga vya Zeppelin na ndege nyingi. Ilipofika mwaka 1938, Mfaransa Guinier na Mwingereza Preston, kila mmoja peke yake, walitumia miali ya eksirei kuonyesha kilichokuwa kikitendeka.

Bruda alitueleza hivi. Alumini ikiwa moto sana, shaba huyeyuka ndani yake kama sukari katika chai. Ikipoa haraka, shaba haipati nafasi ya kujitenga, hubaki imetawanyika. Kisha polepole atomu za shaba hutafutana na kukusanyika katika visahani vidogo, vyenye upana wa nanomita chache tu. Chuma kikipindwa, tabaka za atomu zake huteleza moja juu ya nyingine, kama mikeka iliyolazwa pamoja. Tia punje za mchanga kati ya mikeka, nayo haitateleza kwa urahisi. Visahani vile vya shaba ndivyo mchanga wenyewe. Vikiwa vichache mno havifai. Vikikua vikawa vikubwa na kuachana sana, tabaka hupata njia ya kupita. Ukubwa wa kufaa ni ule wa nanomita.

Mwaka 1994 wachunguzi wawili, Frank Gayle na Martha Goodway, walitangaza kwamba wametazama kipande kidogo cha kasha la injini ya mwaka 1903 kwa darubini ya elektroni. Walikuta visahani vya upana wa nanomita 10 hadi 22, vilivyotokea wakati kasha liliposubiwa na kupoa. Tena walikuta vingine vya nanomita 3 hivi, vilivyokua polepole katika miaka 90 ambayo injini ilikuwa imekaa kimya. Maana yake ni kwamba wasubu wa Dayton walipata ugumu ule miaka mitatu kabla ya Wilm kuuona. Wilbur hakuujua, Taylor hakuujua, na yule msubu aliyemimina alumini katika kalibu hakuujua. Bruda alituonya tusiseme kwamba walifanya nanoteknolojia, kwa maana teknolojia ni kutenda kwa kujua. Lakini kitu chenyewe kilikuwapo, nacho kilibeba mtu.

Leo watu hutenda kwa kujua. Ndege nyingi za abiria zina mabawa na miili ya aloi za alumini zilizotiwa ugumu kwa njia hiyohiyo, kwa joto na saa zilizopimwa. Mwaka 1998 tangi kubwa la nje la chombo cha Space Shuttle lilitengenezwa kwa aloi mpya ya alumini, shaba na lithi, lenye visahani vidogo vya namna ile, likapungua uzito kwa kilo kama 3,400. Kila kilo iliyopunguzwa katika tangi huacha nafasi ya mzigo. Kuna na vitu vingine. Erojeli ni kitu chepesi kama moshi ulioganda, ambacho vishimo vyake ni vya nanomita. Kilitumika kuzuia baridi katika kigari cha Sojourner juu ya sayari ya Mirihi mwaka 1997, na katika chombo cha Stardust kilinasa vumbi la nyota yenye mkia bila kuliharibu, vumbi hilo likaletwa duniani mwaka 2006. Chombo cha Juno, kilichotumwa kwenda Mshtarii mwaka 2011, kilivikwa katika sehemu zake fulani shuka za mirija ya kaboni iliyo myembamba kwa kipimo cha nanomita, ili umeme unaojikusanya juu yake upate njia ya kuondoka pasipo kudhuru vyombo.

Tena kuna jambo moja ambalo nadhani lingemfurahisha Wilbur. Mwaka 1969 Neil Armstrong alichukua vipande vya mbao na kitambaa vya ndege ile ya 1903 mpaka mwezini. Na tarehe 19 Aprili 2021 kihelikopta kiitwacho Ingenuity, chenye uzito wa kilo 1.8, kilipaa juu ya Mirihi kwa sekunde 39. Chini ya bamba lake la kupokea jua kilikuwa kimefungwa kijipande cha kitambaa cha bawa lile la Kitty Hawk.

Likizo ilipofika nilikwenda kwa mjomba. Jioni, moto ukiwa umepungua, nilimweleza habari hizi zote, nikimchorea visahani mchangani kwa kijiti. Alisikiliza bila kusema neno. Kisha akaniuliza jambo moja tu: shaba ilikuwa kiasi gani. Nilipomwambia sehemu 8 katika 100, aliingia ndani akatoka na mizani na waya wa shaba. Jirani yetu mwenye mashine ya kusaga unga alikuwa amemletea puli iliyopasuka mara ya tatu. Nilidhani kwamba shaba haitayeyuka, kwa sababu yataka moto mkali kuliko alumini. Lakini mjomba aliitumbukiza katika alumini iliyokwisha kuyeyuka, nayo ikamezwa humo kama nilivyosoma. Puli ya kwanza ilitoka na vitundu kwa sababu mchanga wa kalibu ulikuwa na unyevu. Tukaukausha mchanga, tukamimina tena. Puli ya pili ilitoka nzima, na nilipoondoka kurudi shuleni ilikuwa imezunguka siku tisa. Hatuna darubini ya kuona kilichomo ndani yake, kwa hiyo sitajisifu. Nimeandika tu katika daftari uzito wa shaba, uzito wa alumini na siku tuliyosubu, kama Wilbur alivyofanya kwa mabawa yake madogo. Mjomba ameniomba nimnakilie.

Wasomaji wapendwa, sisemi kwamba kukosa shule ni jambo jema kwa sababu Wilbur alikosa chuo. Yeye alisoma kuliko wengi waliokwenda. Wala sisemi kwamba mikono yatosha bila kitabu. Wasubu wa Dayton walikuwa na siri mikononi mwao, nayo ikakaa miaka 90 bila kutambuliwa. Bali nasema kwamba miaka ya kumtunza mama si miaka iliyopotea, na kwamba penye moto wa msubu huenda mna jambo ambalo wenye elimu watalitafuta kesho. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini.

Siku ya wazazi ya muhula huu ni mwezi ujao. Nimekwisha kumwandikia mjomba barua ya kumkaribisha, na nimemwomba aje na moja ya sufuria zake, ili Bruda aione.